Vijana wanne wameondoka karakanani kwangu tangu Januari. Nakosea wapi?

mzee_wa_patasi

Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ya samani hapa Keko, Dar es Salaam. Tuko watu 8, nikijihesabu na mimi. Tunatengeneza vitanda, makabati ya nguo, meza za chakula, na siku hizi makabati ya jikoni ya MDF (mbao za kushindiliwa kiwandani), ambayo mimi siyapendi ila ndiyo yanayoleta hela ya haraka. Sikuja kutafuta wateja. Tangu Januari vijana wanne wameniacha, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye naweza kusema alikuwa mbovu.

Wa kwanza alitoka chuo cha ufundi, VETA. Mkono wake kwenye patasi ulikuwa umetulia kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Miezi mitatu, kaondoka. Wa pili na wa tatu waliondoka pamoja: Jumamosi nimewalipa, Jumatatu hawapo, nasikia wako kwenye bodaboda. Wa nne ndiye aliyenifanya nije hapa. Aliniaga kwa meseji ya WhatsApp saa 5 usiku. "Shikamoo bosi. Kesho sitakuja, na sitakuja tena. Nimejifunza mengi kwako ila kila asubuhi nikifika getini tumbo linaniuma." Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata.

Hilo la tumbo nimelala nalo wiki mbili.

Mimi niliingia kwenye ufundi mwaka 1989, nina miaka 17, nikiwa saidia fundi. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi hasa, mpaka leo nikichonga tundu na ulimi wake ukaingia bila kugongwa namkumbuka. Alitufundisha kwa kipande cha mti wa mkongo. Ukikata mbao ikawa fupi anakupima nacho mgongoni, halafu anasema sasa kipimo hutakisahau. Miaka miwili ya mwanzo sikugusa mashine. Nilifagia maranda, nilichemsha chai, nilimchotea maji mke wake. Malipo yalikuwa chakula, na nauli siku akikumbuka.

Ndiyo maana nilikuwa najiona mpole. Sijawahi kumpiga kijana wa mtu. Nafoka, ndiyo. Msumeno wa meza unazunguka na mtu kashika simu, nitafoka mpaka jirani asikie, na kwa hilo siombi radhi, vidole havioti tena. Lakini nikijikagua naona na mengine. Mbao ikiharibika namkata aliyeiharibu, na hesabu ya hayo makato naijua mimi peke yangu. Malipo ya Jumamosi ni saa 10 jioni, au saa 1 usiku, au "njoo Jumatatu, mteja hajamalizia". Umeme ukikatika mchana tunakaa tu, ukirudi saa 2 usiku nawaambia tufidie, na sijawahi kuita hiyo ovataimu. Na mtu akikosea namsema hapohapo, mteja akiwepo ndiyo kabisa, ili aone kazi yake inasimamiwa.

Binti yangu anafanya kazi ofisini, kitengo cha wafanyakazi. Ananiambia baba, vijana wa sasa wanataka mahali wanapojaliwa. Nikamuuliza kujaliwa ndiyo kufanywaje? Akanionyesha video ya ofisi ina makochi ya kulalia na meza ya kuchezea mpira. Nilicheka. Hapa kwangu choo ni kimoja na mlango wake unafungwa kwa waya.

Sasa swali. Kwenye karakana yenye vumbi, ambapo hela inaingia kwa mafungu, kumjali kijana ni vitu gani hasa? Msinipe nasaha za semina. Niambieni Jumatatu nifanye nini. Na msiniambie niongeze mshahara mara mbili, kitanda cha 5 kwa 6 watu wanakibishania mpaka elfu kumi ya mwisho.

---

bonge_la_geti

Mzee mwenzangu, usijisumbue. Nina gereji ya kuchomelea mageti Tandika, haya nimeyaona. Hao tumbo linawauma kwa sababu ya chipsi mayai za saa 6 usiku.

Utani kando. Nilikuwa na kijana mmoja nilimlea kama mwanangu. Nilimlipia kodi ya chumba miezi mitatu, alikula kwangu. Siku anaondoka kachukua namba za wateja wangu sita, leo kafungua yake mtaa wa tatu kutoka kwangu. Ukimlea vizuri anaondoka, ukimlea vibaya anaondoka. Bora uchukue deiwaka, kibarua wa kutwa, jioni mnamalizana, kila mtu kwake.

---

mzee_wa_patasi

Bonge, deiwaka hawezi kunimalizia kabati la milango minne. Nikimwelekeza asubuhi, jioni kaondoka na maelekezo yangu. Halafu huyo aliyechukua wateja sita, na mimi nilichukua wa mwalimu wangu wanne. Sijawahi kulisema hili popote.

---

binti_wa_spray

Shikamoo baba. Mimi nina miaka 24, napiga spray na kupolish samani, kwa hiyo naongea kutoka upande wa hao wanaoumwa tumbo.

Anza na choo. Sikutanii. Nilipoanza kazi, sehemu ya kwanza, tulikuwa wanaume 11 na mimi. Choo hakikuwa na komeo, maji unabeba kwenye dumu unapita katikati ya watu wote. Siku zangu nilikuwa nasema naumwa malaria. Bosi akawa anasema huyu binti malaria yake ina kalenda. Wote wanacheka, na mimi nacheka. Niliacha kazi ile na hakuna aliyejua ni kwa sababu ya komeo la elfu tatu.

Cha pili, kifua. Nilipewa barakoa ya kitambaa, ile ya enzi za korona, nipulize sanding sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) na tina (ya kuyeyushia rangi) siku nzima. Nikilalamika kichwa naambiwa utazoea. Ile haizuii moshi wa tina hata kidogo, inayofaa ni ile ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha pembeni. Hapa nilipo sasa bosi alininunulia yangu peke yangu, kaiandika jina langu kwa maka pen. Baba, sijui nikueleze vipi. Mshahara wa hapa ni mdogo kuliko wa kule, na nina mwaka wa tatu.

Huyu bosi wangu wala si mpole kivile. Ana maneno makali kuliko ya kwako hapo juu. Ila najua atakasirika kwa lipi. Kule kwa kwanza kosa lilelile leo anacheka, kesho anakutukania mama yako, kutegemea kama mteja kalipa. Mimi nadhani hiyo ndiyo inauma tumbo. Unafika getini huijui siku yako itakuwaje.

Na meseji za usiku. Mtu umefika kwako saa 3, unakula, inaingia voisi ya dakika nne, inaanza na "hivi wewe akili yako". Kazi ilikuwa pale, nimeshinda mbele yako siku nzima, ungeniambia.

La mwisho dogo. Tukipeleka kabati kwa mteja, bosi anapiga picha anaweka Instagram na anaandika nani kachonga, nani kapiga rangi. Hatulipwi kwa hilo. Mama yangu Singida anazo picha zote kwenye simu.

---

mkaguzi_mstaafu

Mzee wa Patasi, kwanza hongera kwa kujisema mwenyewe. Nimefanya ukaguzi wa kazi miaka mingi kabla ya kustaafu, na waajiri wengi niliowakuta walikuwa watu wema waliokuwa wakivunja sheria kwa mazoea, kwa sababu fundi aliyewafunza naye aliivunja.

Umetaja mambo matatu ambayo yana majibu tayari kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Makato kwanza, kwa sababu ndiyo kidonda. Huruhusiwi kumkata mtu kwa mbao iliyoharibika kwa hesabu ya kichwani. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umpe kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Waajiri wakisikia hivyo huniambia hiyo ni kazi kubwa kuliko mbao yenyewe. Ndiyo, na ukiona hivyo, achana na hiyo mbao.

Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zinazozidi ni kwa makubaliano, na zinalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 juu yake. Umeme kukatika hakumgeuzi kijana kuwa mdeni wako. Alikuja, alikuwepo.

Aliyetimiza miezi 6 ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na akifiwa na mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu, hata bibi au babu, ana siku 4 zenye malipo. Nakwambia la bibi makusudi. Niliwahi kukuta karakana kijana anachonga jeneza la bibi yake mzaa mama huku bosi anamhesabia muda.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mchango wake ni nusu asilimia ya mshahara na unalipa wewe mwajiri, yeye hakatwi. Kwa watu wenye msumeno wa meza sioni kwa nini mtu alale usingizi bila hiyo.

Na vumbi usilichukulie kuwa ni uchafu tu. Wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, hasa saratani ya puani. Binti wa Spray ana haki ya kudai ile barakoa, haombi fadhila.

---

fundi_ngong_road

Salamu kutoka Nairobi, mzee. Mimi natengeneza meza na viti hapa kando ya Ngong Road, kazi ya jua kali, vijana watano.

Juni 2024 vijana walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wawili wangu walienda. Nilikuwa nimewakataza. Waliporudi kazini nikajua nitaleta nidhamu, kumbe wao ndio walikuwa na swali. Mmoja akaniuliza, mkubwa, hii meza umeuza elfu thelathini na mbili, sisi tumepata ngapi na nyingine imeenda wapi? Nilikasirika sana. Nikamwambia akifungua yake atajua.

Usiku nikajiuliza kwa nini nimekasirika. Asubuhi nikachukua kipande cha plywood, nikaandika kwa chaki: mbao, gundi, vanishi, stima (umeme), kodi ya hapa tuliposimama, gari ya kupeleka, dalali aliyemleta mteja, wao, mimi. Walikuwa wanadhani nabaki na elfu ishirini. Walipoona dalali anachukua zaidi ya fundi wakanyamaza wote.

Sitakudanganya kwamba tangu siku hiyo ni amani. Kuna mmoja aliuliza kwa nini fungu langu ni kubwa kuliko lake na mimi sikushika randa wiki hiyo. Nilikosa jibu zuri, nikampa jibu refu. Lakini vipande vya mbao vilivyokuwa vinatupwa jikoni kwa mama wa chai sasa wanavipanga, wanatengeneza stuli, na pesa ya stuli ni yao. Hilo sikuwapangia mimi.

Na huyo Bonge asiogope kijana kufungua yake. Wangu waliofungua ndio hunitumia kazi zikiwazidi.

---

bonge_la_geti

Wa kwangu hajanitumia kazi hata moja.

---

fundi_ngong_road

Ulimtakia heri alipoondoka?

---

mzee_wa_patasi

Wakuu, zimepita wiki sita, nimeona nirudi nisiwe kama wale wanaouliza wakapotea.

Jumatatu ile ile nilinunua mlango wa choo, komeo na tanki la lita 100. Nilivyokuwa nafunga bawaba mwenyewe, mafundi wangu wakawa wanatazamana. Yule wa kupiga rangi, wa kiume, ndiye wa kwanza kusema asante. Nilidhani jambo hili ni la wanawake, na kwangu hakuna mwanamke, kumbe hata wao walikuwa wanaenda msikitini jirani.

Malipo ya Jumamosi saa 10 yalinitoa jasho. Tatizo halikuwa moyo, lilikuwa fedha: nilikuwa nachukua nusu kwa mteja, nusu hiyo inaishia kwenye mbao. Sasa nachukua asilimia 70, na hela ya mishahara ya wiki naiweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo sitembei nayo, anakaa nayo mke wangu. Wateja wawili wamekwenda kwa jirani. Jumamosi sita mfululizo nimelipa saa 10, ukiacha moja nilipolipa saa 11 na robo, nikawaambia saa 8 kwamba nitachelewa na kwa nini. Hakuna aliyenuna. Miaka yote nilikuwa nadhani wananunia kuchelewa.

Umeme ukikatika siku hizi tunapiga msasa kwa mkono, tunapanga stoo, tunanoa. Ikifika saa 11 jioni anayetaka kuondoka anaondoka. Anayebaki usiku analipwa kama alivyoandika Mkaguzi. Wa kwanza kuondoka alikuwa fundi wangu mkongwe, miaka 12 niko naye. Anasema alikuwa hajawahi kumkuta mtoto wake mdogo macho siku ya kazi.

Kuna kilichogoma. Nilianzisha kikao cha chai kila Jumatatu, kila mtu aseme la moyoni. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya, mmoja kasema sukari iongezwe. Wiki ya tatu nilikwenda kuangalia mbao za mninga zilizoshushwa, nikawaacha wafanye bila mimi, niliporudi nikakuta mkongwe kaandika ukurasa mzima. Kwa hiyo kikao nakilipia chai ila sikai. Karatasi naletewa. Ya wiki jana inasema "bosi asijibu simu akiwa anatuelekeza", na nilikuwa kwenye simu nikiisoma.

Kufoka sijaacha. Tumekubaliana tu kwamba mashine inazimwa kwanza, na mtu nitamsema stoo, mteja hasikii. Kutembea kutoka mashineni mpaka stoo ni hatua kama ishirini, na mara mbili nimefika stoo nimesahau nilikuwa nataka kutukana nini.

Yule wa WhatsApp nilimpigia hesabu ya makato yote niliyoyakumbuka, nikamtumia kwa simu na maelezo mafupi. Alijibu "asante baba". Alikuwa ananiita bosi. Kurudi hajarudi, yuko kwa mtu mwingine Gongo la Mboto na anafanya vizuri, nimeziona picha.

Sasa makato. Niliyaacha yote, nikafungua daftari la hasara: tarehe, mbao gani, bei, imeharibikaje, nani alikuwa nayo. Limening'inizwa kwa uzi karibu na msumeno, yeyote anasoma. Wiki sita zina mistari 11. Saba kati ya hiyo ni mbao zilizopinda au kupasuka baada ya kuungwa, kwa sababu zilikuwa mbichi. Hizo mbao nilizinunua mimi, kwa haraka, kwa bei ya kuokoa. Mbili ni meno ya msumeno yaliyokuwa butu, na mwenye jukumu la kununua mapya ni mimi. Makosa ya vijana ni mawili. Siku zote hizo nilikuwa nawakata wao kwa unyevu wa mbao niliyoichagua mwenyewe, na yule wa VETA, nikikumbuka vizuri, alishawahi kuniambia kuwa ubao ni mbichi. Nikamwambia aache ujuaji.

Juzi Ijumaa nimepima vibaya mwenyewe, ubao wa mninga wa kichwa cha kitanda, pungufu inchi mbili. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu kwenye mstari wa 12. Kijana mpya, ana wiki ya pili, akaja kusoma, akatafuna penseli, akauliza, "Shikamoo mzee, na wewe unakatwa robo?"